Kioo cha bafuni kimeota weusi na uso hauonekani vizuri: tununue kioo chenye taa?

Swali: Habari za kazi, fundi. Tuko Tanga mjini, nyumba ya tofali karibu na bahari. Bafu letu ni mita 1.8 kwa 2.4. Sinki liko kwenye ukuta mfupi, na shawa haina kizuizi; kutoka kichwa cha shawa hadi katikati ya sinki ni kama sentimita 100. Kioo tulichonunua miaka 2 iliyopita kimeota weusi pembeni, hasa upande wa chini. Taa ni moja, balbu nyeupe katikati ya dari. Nikijipodoa naona niko sawa, nikitoka nje kwenye jua uso umekuwa wa majivu. Baba watoto naye akinyoa anabakiza ndevu chini ya kidevu. Fundi mmoja ametushauri tununue kile kioo chenye taa ndani yake. Mimi nina urefu wa sentimita 152, mwenzangu 180, mtoto wetu 110. Tununue?

Jibu: Salama, dada. Kwa bafu hilo, msinunue. Chukueni kioo cha kawaida cha milimita 5 chenye mgongo mzuri, wekeni taa 2 za wima ukutani, moja kila upande wa kioo, na ile ya dari ibaki kwa ajili ya chumba kizima. Matatizo mliyonayo ni mawili tofauti. Kioo kinaoza kwa nyuma na pembeni, na uso unakosa mwanga kwa mbele. Kioo chenye taa kinayaunganisha matatizo hayo katika kifaa kimoja: kioo kikioza, taa nazo zinatupwa, taa zikifa, kioo kizima kinashushwa.

Naanza na mwanga, kwa sababu waya lazima zipite ukutani kabla ya kioo kufika.

Kioo chenyewe hakihitaji kuangaziwa. Unachokiona ndani yake ni uso wako, na uso ndio unaotakiwa kupata mwanga. Ukisimama kwenye sinki, kichwa chako kiko kama nusu mita kutoka ukutani, wakati balbu yenu iko mita 1.2 kutoka ukuta huohuo. Maana yake taa iko nyuma yako. Inamulika kisogo na mabega, uso unabaki kwenye kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Kuiongeza nguvu hakusaidii; kisogo tu ndicho kitakachong'aa zaidi.

Wengi wakishalijua hilo hukimbilia taa ndogo za kuzama kwenye dari la jipsamu, moja juu ya sinki. Hapo mwanga unashuka wima: paji la uso linawaka, macho yanazama, pua inaangusha kivuli mdomoni na kidevu kinatia giza shingo nzima. Ndevu za mwenzako zitaendelea kubaki palepale.

Fanyeni jaribio leo usiku. Zima taa ya bafu, simama mbele ya kioo, na mwenzako ashike simu mbili zilizowashwa tochi, kila moja ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyeupe. Kwanza aziweke pamoja juu ya kichwa chako, mbele kidogo. Angalia chini ya macho na chini ya kidevu. Kisha azishushe hadi usawa wa macho, moja kushoto na moja kulia ya kioo, karibu na ukuta. Vivuli vinafutana, kwa sababu kila taa inajaza giza linaloachwa na mwenzake. Inua kidevu kidogo kama mtu anayenyoa: shingo yote inaonekana. Hapo mtakuwa mmeshaona kwa macho yenu kile mnachotakiwa kumwelekeza fundi.

Sasa vipimo vyenu. Macho ya mtu mzima yako kama sentimita 12 chini ya utosi, kwa hiyo yako yako kwenye 140 na ya mwenzako kwenye 168. Taa ya duara iliyowekwa urefu mmoja itampendelea mmoja wenu. Taa ndefu ya wima inawatosha wote: urefu wa sentimita 45, katikati yake ikiwa sentimita 155 kutoka sakafuni, itaanzia kama 133 na kuishia 177. Kioo kikiwa na upana wa sentimita 60, acheni sentimita 9 kutoka ukingo wa kioo hadi katikati ya taa. Taa hizo mbili zitakuwa sentimita 78 kutoka moja hadi nyingine, na huo ni umbali mzuri. Zikisogea zaidi ya mita 1 mashavu yanawaka na katikati ya uso panafifia. Zikikaribiana mno zinaumiza macho.

Nguvu: kila taa iwe kama wati 8 za LED. Mfuniko wake uwe mweupe wa maziwa, usioonyesha nukta za LED ndani. Nukta zikionekana, mtaziona pia zikichoma ndani ya kioo. Mfuniko huo unakula sehemu ya mwanga, pengine robo, na ndiyo maana sisemi wati 5. Taa mbili za namna hiyo zinatosha kumpa mtu aliyesimama kwenye sinki laksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 300 hadi 500 usoni, kiwango kinachofaa kwa kunyoa na kujipodoa. Ya dari iwe na lumeni (kipimo cha mwanga unaotolewa na taa) 800 hadi 1,000, yaani balbu ya LED ya wati 9 hivi. Kama marumaru zenu ni nyeusi au kahawia iliyokoza, ongezeni ya dari ifike lumeni 1,200, kwa sababu ukuta mweusi haurudishi mwanga.

Uso wa majivu una maelezo yake, na hili ndilo watu hulikosea zaidi wakiwa dukani. Balbu nyingi zinazouzwa kwetu ni za Kelvini 6500, ule mweupe unaoelekea bluu, na nyingi za bei nafuu zina upungufu wa mwanga mwekundu. Ngozi yetu nyeusi na ya maji ya kunde inapata uhai wake kwenye wekundu na kahawia. Mwanga usiokuwa na wekundu ukiipiga, ngozi inaonekana ya kijivu. Poda nayo inaonekana ya kijivu hiyohiyo, hivyo bafuni vinalingana. Ukitoka nje, jua linairudishia ngozi rangi yake, poda inabaki ilivyo, na tofauti inajitokeza. Hukukosea kupaka. Taa ndiyo iliyokuficha.

Kwenye boksi tafuta mambo mawili. La kwanza ni Kelvini: kwa uso chukua 4000, au 3000 kama mnapenda mwanga wa njano. La pili ni CRI, mara nyingine huandikwa Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na mwisho wake ni 100. Ya kawaida ni 80. Kwa kioo tafuta 90 au zaidi. Boksi likikaa kimya kuhusu CRI, chukulia ni 80 au chini yake. Wala usidhani mwanga wa njano pekee unatosha: balbu ya 3000 yenye CRI ndogo nayo inaua rangi.

Dukani mjaribu hivi. Nenda na kanga yenye wekundu uliokolea. Itazame kwanza mlangoni penye mwanga wa mchana, kisha iweke chini ya taa unayotaka kununua, taa nyingine zikiwa zimezimwa. Chini ya taa mbaya wekundu unageuka kuwa kama wa matofali au kahawia uliochoka. Tazama pia kiganja chako: kiwe na uwaridi wake, kisiwe cha kijivu. Halafu pitisha kalamu haraka mbele ya taa, kushoto kulia. Ukiona kalamu nyingi zimejipanga badala ya ukungu mmoja unaoteleza, taa hiyo inapepesa. Itawachosha macho, na kigeuzi chake, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa nyumba uifae LED, ni cha bei rahisi. Taa zote mbili za kioo zinunuliwe siku moja, aina moja. Moja ya 4000 na nyingine ya 3000 zitakupa mashavu ya rangi mbili, na hutajua lipi ni la kweli.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya usalama, maana mpangilio wenu una jambo la kuangaliwa. Kwa shawa isiyo na beseni lake, kanuni za kimataifa za umeme wa bafuni huhesabu sentimita 120 kutoka kwenye kichwa cha shawa, hadi urefu wa sentimita 225, kuwa eneo la maji. Sinki lenu liko 100. Kama shawa imefungwa ukuta uleule, taa ya upande wake itakuwa kama sentimita 61 tu kutoka shawani. Kwa hiyo taa ya kawaida ya sebuleni hapo ni marufuku, hata kama mfuniko wake ni mzuri.

Kwa nyumba yenu ningechagua taa za volti 12, na kigeuzi kikae nje ya bafu. Kipande cha alumini chenye mfereji, utepe wa LED wa wati 18 kwa mita uliopakwa silikoni, na mfuniko wa maziwa: sentimita 45 za utepe huo ni wati 8. Fundi alumini anaweza kuvikata vipande hivyo. Utepe ukatwe kwenye alama ya mkasi tu, kwa sababu ukikata kati ya alama kundi zima la taa hapo halitawaka. Miisho ifungwe vifuniko vyake na silikoni. Taa mbili ni wati 16, basi nunueni kigeuzi cha wati 30. Kinachofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake hakipati joto kali, na joto ndilo linalokiua. Msikiweke kimegusana na bati juu ya dari. Mchana wa Tanga hapo ni tanuri. Kiwekeni kwenye korido, juu ya mlango au karibu na tundu la kupandia darini, mahali mnapofika bila kuvunja kitu. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa umbali wa mita 6 hautapoteza hata robo ya volti kwa mzigo huo.

Kama mtapendelea taa za volti 230 zilizokamilika, ziwe zimeandikwa IP65 na maelekezo ya mtengenezaji yaruhusu eneo la shawa. Namba ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii, na kwa hiyo sisimizi na vidudu vya usiku pia hawaingii kufia ndani. Ya pili, 5, inasema inahimili maji yanayopigwa kwa bomba. IP44 inavumilia michirizi tu, nayo inatosha upande wa mbali na shawa. IP20 ibaki chumbani. Fundi akifunga taa ya ukutani, apake silikoni juu na pembeni pale taa inapokutana na marumaru, chini aache wazi. Unyevu ukiingia upate njia ya kutoka. Ukiziba pande zote umetengeneza kikombe.

Kwa vyovyote, saketi ya bafu iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, chenye kitufe cha kujaribia. Bonyezeni kitufe hicho mara moja kwa mwezi, kisipokata, kibadilishwe. Ethi, yaani waya wa ardhini, iwe ya kweli, iliyopimwa. Swichi ikae nje ya mlango. Taa ziwe na breka yake ya ampea 6 au 10. Kama mna heta ya shawa ya papo kwa papo, yenyewe iwe na waya wake peke yake hadi kwenye bodi: heta ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampea 24, na waya wa taa hauwezi kubeba hizo. Taa zikififia kila heta inapowashwa, mahali fulani pana kiungo kilicholegea au waya mwembamba unaotumiwa na wote wawili. Hilo lisisubiri. Kazi yote hii mpeni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Umeme ukikatika, balbu ya kuchaji kwenye holda ya dari ni msaada mzuri, mradi isiwe juu ya shawa, maana mvuke unaila betri na saketi yake. Na mkichagua volti 12, taa za kioo mnaweza kuja kuziunganisha na betri ya sola, kwa fyuzi ya ampea 3.

Haya, kioo.

Kioo cha kujitazama ni karatasi ya glasi iliyopakwa fedha nyembamba sana nyuma yake, na juu ya fedha rangi ya kulinda. Vingi vya zamani, na baadhi ya vinavyouzwa sasa, vina tabaka la shaba kati ya fedha na rangi. Upande wa mbele ni glasi tupu, hauozi. Upande wa nyuma una rangi. Lakini pembeni, pale glasi ilipokatwa, matabaka yote yako uchi. Maji yanapanda hapo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakiwa na chumvi ya upepo wa bahari, au klorini ya dawa ya kusafishia choo, yanaila shaba na fedha na kuacha ule weusi. Ukingo wa chini unatangulia kwa sababu matone yote ya kioo yanateremka na kuning'inia pale. Angalieni kioo chenu: kama kimekaa moja kwa moja juu ya marumaru ya sinki, weusi utakuwa umeanzia kwenye mgusano huo.

Kuna maadui wengine wawili wasiotajwa sana. Mmoja ni silikoni yenye harufu ya siki. Inapokauka inatoa asidi, na kama kioo kimebandikwa kwa hiyo, asidi inapenya rangi ya nyuma. Baada ya miezi unaona madoa meusi katikati ya kioo yaliyofuata mistari ya gundi. Takeni iliyoandikwa neutral. Mkifungua bomba la silikoni na harufu ya siki ikawapiga, rudisheni. Mwingine ni asidi ambayo mafundi marumaru huogeshea ukuta kuondoa ukungu wa saruji. Mvuke wake unafika kila mahali. Kioo kifungwe mwisho kabisa, marumaru zikiwa zimeoshwa kwa maji mengi, bafu limekaa wazi siku kadhaa na plasta mpya imekauka.

Ukubwa. Ukingo wa kioo unaotosha kukuonyesha kitu uko katikati ya usawa wa jicho lako na usawa wa kitu hicho, hata ukisimama karibu au mbali. Mwenzako ana jicho kwenye 168 na utosi kwenye 180, kwa hiyo juu kioo kifike angalau 174. Wewe mwenye jicho kwenye 140 ukitaka kujiona hadi kifuani, tuseme sentimita 100, chini kifike 120. Hadi hapo kioo cha kutoka 110 hadi 180 kingewatosha. Mtoto ndiye anayebadilisha hesabu. Macho yake yako kama 99. Ili aone kidevu chake akiwa chini, kioo kingetakiwa kushuka hadi 95 hivi, na ukingo wa sinki lenu pengine uko 82 au 85. Hapo michirizi ya bomba itaufikia kila anaponawa mtu. Mimi ningesimamisha ukingo wa chini kwenye 100 na kumwekea mtoto kigoda cha sentimita 20 chenye miguu isiyoteleza. Atakua, kigoda kitaondoka, na kioo kitakuwa kimepona.

Basi kioo ni sentimita 60 kwa 80, kutoka 100 hadi 180. Kabla ya kukata, bandikeni gazeti la ukubwa huo ukutani kwa siku 2 na kila mtu asimame mbele yake. Karatasi inahamishika, glasi iliyokatwa haihamishiki.

Unene: glasi ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Cha kwenu kwa milimita 5 kitakuwa kilo 6, mzigo mwepesi kwa skrubu 4. Cha milimita 3 kinajipinda kidogo kikikazwa, na picha inajipinda nacho. Kwenye duka la vioo pimeni kwa rula pembeni, kwa sababu cha 4 huuzwa kwa jina la 5. Simama upande mmoja utazame fremu ya mlango ndani ya kioo, kisha tembeza kichwa taratibu: mstari ukitetemeka au kuvimba, kirudi. Kigeuzeni, mkiweke kati yenu na jua. Vinukta vya mwanga vikipenya, rangi ya nyuma ina matundu, na kila tundu litakuwa doa. Alama za mikwaruzo mgongoni nazo ni hivyohivyo. Ulizeni kama wana kile kisicho na tabaka la shaba. Pwani kinadumu zaidi, na inafaa kuongeza pesa kwa hilo kuliko kwa nakshi za pembeni. Kingo zisagwe hadi zilainike. Na kwa kuwa kuna mtoto, waombeni wabandike filamu ya usalama nyuma, inayoshikilia vipande kioo kikivunjika.

Kisha jambo linalochukua nusu saa na ambalo mafundi wengi hulipita: kuziba kingo. Futeni ukingo kwa kitambaa chenye spiriti, uache ukauke, halafu pakeni kwa brashi nyembamba rangi ya kukinga kingo za vioo, au vanishi safi ya poliurethani, ukingo wote kuzunguka na milimita 3 hivi kuingia upande wa nyuma. Tabaka 2, la kwanza likauke kabla ya la pili. Wa chini mpe la tatu.

Kufunga: wekeni alama kwa pima maji, bandikeni mkanda wa karatasi juu ya marumaru ili ncha ya drili isiteleze, toboeni marumaru kwa ncha ya vigae bila nyundo ya drili, mkishavuka ndipo muweke ncha ya zege ya milimita 6. Msitoboe wima juu wala chini ya taa au bomba. Waya na mabomba hupita hapo. Tumieni klipu 4 za chuma kisichoshika kutu, 2 chini za kubeba na 2 juu za kuzuia, kila moja ikiwa na mpira upande unaogusa glasi. Nyuma ya kioo wekeni vipande vya mpira vya milimita 3 ili hewa ipite kati yake na marumaru. Kazeni hadi kioo kisicheze, kisha muache hapo. Mzunguko mmoja wa ziada ndio unaopasua. Kama mtaongeza silikoni, iwe mistari ya wima. Mstari wa mlalo unageuka bwawa, na duara lililofungwa linanasa unyevu ndani.

Klipu, skrubu na miili ya taa vipimeni kwa sumaku dukani. Kinachong'aa kama fedha lakini kikashika sumaku kwa nguvu ni chuma kilichopakwa kromi, na kwa upepo wa Tanga kitatoa machozi ya kutu kwenye marumaru. Plastiki nzuri, shaba nyeupe ya kweli au alumini iliyopakwa rangi ya unga ni bora kwenu.

Kuhusu kile kioo chenye taa, si kibaya kila mahali. Kinafaa upana wa ukuta ukiwa mdogo kiasi cha kukosa sentimita 15 kila upande wa kioo. Mtu wa namna hiyo akinunua, ahakikishe mwanga unatoka mbele, kupitia mkanda uliokwaruzwa kwenye glasi wenye upana wa angalau sentimita 3 kushoto na kulia. Vile vinavyotoa mwanga nyuma, kuzunguka, vinapamba ukuta na kuacha uso gizani. Kigeuzi kiwe kinafunguka na kubadilishwa. Kitufe cha kugusa kina kasoro mbili: tone la maji linaweza kukiwasha na kukizima, na baada ya umeme kukatika vingi vinarudi vikiwa vimezimwa. Kile kipasha joto cha kuondoa ukungu, msilipie. Kioo kinashika ukungu kikiwa baridi kuliko hewa yenye mvuke inayokigusa. Mbeya au Njombe, asubuhi ya Julai, kina maana. Tanga kioo kiko nyuzi 27 au 28 muda mwingi, na ukungu wa shawa ya moto unaondoka kwa dirisha lililofunguliwa na nafasi ya sentimita 1 chini ya mlango. Feni ya kutoa hewa ya sentimita 10 inatosha bafu lenu, na itasaidia kingo za kioo kuliko kipasha joto hicho.

Kusafisha ni maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Nyunyiza kwenye kitambaa, si kwenye kioo, kwa sababu kinachonyunyizwa kinateremka hadi ukingo. Maliza kwa kupitisha kitambaa kikavu chini, kutoka kona hadi kona. Dawa zenye amonia au klorini zisikaribie. Mkimwaga dawa ya choo, fungueni dirisha hadi harufu iishe.

Kioo chenu cha sasa msikitupe. Mpelekee fundi vioo akate sentimita 4 au 5 kupita pale weusi unapoishia, kila upande ulioathirika, asage kingo na kuziziba kama nilivyoeleza. Chumbani, mbali na maji, kitawafaa.